Kutoka Afro 70 hadi Afro East: nusu karne ya kusubiri albamu Masasi na Newala

Wadau, tuanze na hesabu ndogo. Machi 2020 Harmonize alipodondosha albamu yake ya Afro East, kijana wa Newala mwenye bando aliisikiliza muda uleule na kijana wa Sinza. Mwaka 1979 albamu ya Bado Kijana, yenye jina la Afro 70 Band kwenye jalada, ilipotoka, kijana wa Newala wa wakati huo hata angeuza gunia zima la korosho asingejua aipeleke wapi hela ili aipate. Kati ya albamu hizo mbili kuna miaka 41.

Historia ya bendi zetu tunaijua kidogo: nani aliimba, nani alihama bendi usiku, nani alipiga solo gani. Historia ya waliokuwa wanasubiri hizo nyimbo huwa hatuisimulii. Leo tuwaangalie wao, mashabiki wa Masasi na Newala, watu ambao majina yao hayako kwenye jalada lolote.

Redio, betri na subira

Kwa asiyejua ramani: Masasi iko chini, kwenye ile milima ya mawe inayoota ghafla katikati ya tambarare. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde linaporomoka kuelekea mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Kutoka Dar ni mbali, na zamani palikuwa mbali zaidi. Reli ya kusini waliyoijenga Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Barabara ilikatwa na mto Rufiji, mnavuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea safari ndiyo imeishia hapo. Daraja la Mkapa, mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Ndiyo, 2003. Rais mwenyewe aliyepewa jina la daraja ni mtoto wa Lupaso, Masasi.

Sasa muziki ulifikaje? Kwa hewa. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ndiyo ilikuwa kila kitu: studio, kampuni ya kurekodi, promota na DJ. Bendi inaingia studio, wanapiga wimbo wote kwa pamoja kama wako ukumbini, fundi anarekodi kwenye utepe, basi. Wimbo unapigwa redioni, na mtu wa Newala anausikia sawa na mtu wa Magomeni, ila yeye anausikia katikati ya mikwaruzo.

Na hapo ndipo kusubiri kulipoanza, maana ratiba haikuwa yako. Huwezi kurudisha nyuma, huwezi kusogeza mbele. Unajua bendi fulani imerekodi nyimbo mpya kwa sababu fulani karudi kutoka Dar na habari hizo, basi unakaa jirani na redio ya mtu. Betri nazo ni za kuhesabu. Zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo, na mwenye redio anazibania kwa ajili ya taarifa ya habari, hasa miaka ile vita ya ukombozi wa Msumbiji inapiganwa ng'ambo ya Ruvuma. Muziki unapata kilichobaki.

Kulikuwa na ujanja mmoja: kadi za salamu. Unanunua kadi, unaandika majina ya unaowasalimu, unaituma redioni, halafu unasubiri wiki, pengine miezi, usikie jina lako likisomwa na wimbo ukifuata. Hiyo ndiyo ilikuwa "tag" ya enzi zile. Kwa mtu wa kijijini, kusikia jina lake likitoka Dar na kurudi kwake lilikuwa jambo la kusimuliwa mwaka mzima.

Kwa nini walisubiri wimbo na sio albamu

Hili ni muhimu kulielewa. Kule Ulaya na Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kulikuwa na aina ya roki waliyoiita progresivu: nyimbo za dakika 10 au 20, ala nyingi, midundo inayobadilika njiani, albamu nzima inasikilizwa kama hadithi moja. Shabiki wa muziki huo alisubiri albamu kwa sababu bila albamu muziki wenyewe haupo.

Dansi letu nalo lilikuwa refu. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anatoa hadithi yake, halafu inakuja chemko: magitaa yanapandana, tarumbeta zinaingia, watu wanainuka vitini. Lakini santuri za kwetu nyingi zilikuwa zile ndogo za 45, na upande mmoja haukutosha wimbo mzima. Basi hadithi inakaa upande wa kwanza, chemko unageuza sahani. Redio ndiyo iliyokuwa inaweza kuupiga wimbo wote bila kukata. Kwa hiyo mtu wa Masasi mwenye redio, cha ajabu, aliusikia muziki ukiwa kamili kuliko mwenye santuri. Ila hakuwa na namna ya kuushika.

Santuri zenyewe hazikutengenezwa Tanzania. Zilitengenezwa Nairobi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ukafunguliwa tena 1983. Fikiria: miaka sita ambayo kiwanda cha santuri kiko upande wa pili wa mpaka uliofungwa.

Hela ya korosho

Usije ukadhani watu wa kusini hawakuwa na hela. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi, na sehemu kubwa ilitoka huku. Hela hiyo ndiyo ilinunua baiskeli, redio, kitenge cha mama, na kiingilio bendi ya Dar ikija kuzunguka mikoani. Muziki mwingine haukuhitaji kiingilio: sindimba na ngoma za jando na unyago zilikuwepo kabla ya redio na zipo hadi leo.

Halafu likaja zoezi la vijiji. Watu wakahamishwa kwenda kuishi pamoja, mikorosho ikabaki kule walikotoka, mbali, bila wa kuifyekea. Bei nayo haikumvutia mkulima. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa hayafiki hata tani 20,000. Shabiki aliyekuwa na uwezo wa kununua redio mwaka 1973, mwaka 1983 alikuwa anatafuta sabuni.

Albamu iliyotoka Uswidi

Hapa ndipo Afro 70 wanapoingia. Bendi hii iliundwa mwaka 1970 chini ya Patrick Balisidya, kijana wa Dodoma aliyekuwa anaimba, anapiga gitaa na kinanda. Kama umewahi kwenda harusi Tanzania umeshacheza wimbo wao wa Harusi, hata kama hukujua ni wao. Mwaka 1977 walipanda jukwaa la FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos.

Mwaka 1979 ikatoka Bado Kijana. Afro 70 waliifanya pamoja na Archimedes Badkar, bendi ya Uswidi ambayo jina lake maana yake ni "beseni la kuogea la Archimedes". Hao jamaa walikuwa watu wa roki ya majaribio, wanachanganya roki, jazi na muziki wa dunia nzima. Albamu ikatoka huko huko kwa lebo ya MNW. Kwa hiyo ndiyo, wadau, kuna albamu ya roki progresivu ambayo nusu yake ni Tanzania, na jina lake ni la Kiswahili kitupu.

Ilitoka mwaka mbaya kuliko yote kwa shabiki wa nyumbani. Vita na Idi Amin ilikuwa imekausha hazina, mpaka wa Kenya umefungwa, fedha za kigeni hakuna. Sukari na sabuni zilikuwa za foleni. Nani angeagiza sahani za roki kutoka Uswidi? Na ingefika Dar, ingevukaje Rufiji ikafike Newala kwa mtu mwenye mashine ya kuipigia? Albamu ikapata wasikilizaji Ulaya. Leo wakusanyaji wa santuri wa huko wanaitafuta. Balisidya alifariki mwaka 2004.

Ndipo ukweli wenyewe unapojitokeza. Shabiki wa kusini aliusubiri muziki, akaupenda, akaukariri, na hela yake ya korosho ikachangia nchi iliyokuwa inaendesha ile redio. Lakini utepe wa wimbo ulibaki Dar, santuri ikabaki Nairobi au Stockholm. Yeye alibaki na kichwa chake tu.

Kanda ilipofika

Mambo yalianza kubadilika kuanzia 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Redio kaseti zikaingia. Vijana wa kusini walikuwa wameshaanza kumiminika Dar kuuza vitu mkononi, hao ambao jina lao sasa ni jina la kila mfanyabiashara mdogo nchini: wamachinga. Wakirudi nyumbani kwa msimu au msiba, begi lina kanda.

Kwa mara ya kwanza mtu wa Newala aliushika wimbo mkononi. Angeweza kuurudisha nyuma, kumwazima jirani, hata kurekodi juu ya mahubiri ya baba mkwe. Wengine walirekodi moja kwa moja kutoka redioni, na sauti ya mtangazaji ikiwa imo.

Tuseme wazi: kanda nyingi zilikuwa za kudurufu, na mwanamuziki hakupata hata senti. Sheria ya hakimiliki tunayoitumia ni ya 1999, na wanamuziki wengi wa dansi walizeeka kabla haijawasaidia. Kilichomfaa shabiki kilimuumiza msanii. Lakini ni kweli pia kwamba kwa miaka kama 20, kumbukumbu ya muziki wa nchi hii ilikuwa inakaa kwenye masanduku ya nguo vijijini.

Baadaye vikaja vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Unatoa hela kidogo, jamaa anakujazia nyimbo 200 usizozichagua. Hapo neno albamu likapoteza maana kabisa.

Konde Boy na albamu iliyorudi nyumbani

Halafu tukampata mtoto wa Chitoholi, Tandahimba, wilaya iliyomegwa kutoka Newala. Harmonize alianza kutajwa mwaka 2015 na Aiyola, akaondoka WCB mwaka 2019, akaanzisha lebo yake na kuiita Konde. Tafakari hilo. Miaka mingi Mmakonde mjini alikuwa mtu wa kutaniwa: mlinzi, mchonga vinyago, mwenye chale usoni. Huyu akachukua jina lilelile la utani akalibandika kwenye fulana na watu wakalinunua.

Kwa hiyo Afro East ilipokuwa inasubiriwa, vijana wa huku walikuwa wanamsubiri mtu wao. Kwa mara ya kwanza kusini haikukaa mwisho wa foleni. Hakuna kivuko, hakuna betri ya kuanika, hakuna mpaka uliofungwa. Albamu ikatoka, na siku chache baadaye, Machi 16, kikatangazwa kisa cha kwanza cha korona nchini. Wengi waliimaliza albamu hiyo wakiwa nyumbani na simu zao. Novemba 2021 ikafuata High School, safari hii msimu wa korosho ukiwa umeshafunguka.

Sasa nani anatunza?

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Wimbo unaousikiliza leo kwa bando sio wako. Programu ikifungwa, lebo ikigombana na msanii, akaunti ikifutwa, wimbo umeondoka. Tumerudi kule kwa babu wa Newala wa 1975: tunasikia kwa wakati, tunapenda, tunakariri, na hatushiki kitu. Tofauti ni kwamba yeye alijua hana. Sisi tunadhani tunazo.

Kanda za RTD ziko TBC, na si zote unaweza kuzisikiliza ukitaka. Lakini kuna kanda nyingine, zile za sandukuni Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea. Kanda inaoza. Joto na vumbi vinaila taratibu. Pengine ndani ya moja kuna kipindi cha redio cha 1986 ambacho hakuna mtu mwingine duniani aliyekirekodi, na jina la bibi yako likisomwa kwenye salamu.

Ukienda kusini msimu huu, uliza. Mwambie mzee akuoneshe alichonacho, tafuta redio kaseti inayofanya kazi, ichomeke kwenye simu au kompyuta, rekodi, na uandike pembeni: bendi gani, mwaka gani, nani aliimiliki. Kazi ya mchana mmoja tu.

Na kama nyumbani kwenu kuna kanda, au kuna mzee anayekumbuka wimbo wa kwanza aliousubiri redioni, tuandikie hapo chini. Taja wimbo na kijiji. Tuanze kuwajua hawa mashabiki.