Kusaka Makosa Kati ya Programu na Seva

Hadi katikati ya miaka ya 1980, programu nyingi za kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta za mezani zilifanya kazi yote zenyewe. Mtumiaji wa dBase, programu iliyobuniwa na Wayne Ratliff na kuuzwa na kampuni ya Ashton-Tate, alikuwa na faili lake kwenye diski, na msimbo uliosoma rekodi moja baada ya nyingine ulikuwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Kosa likitokea, programu ilisimama kwenye mstari wenye kosa, na aliyeuandika akauona.

Lugha ya SQL ilikuwa imekwisha kuzaliwa, ila kwenye mashine kubwa. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti Mwingereza wa IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe katika majedwali. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaeleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, SEQUEL, ambayo baadaye jina lake lilifupishwa. Anayeiandika husema anachotaka. Njia ya kukipata huchaguliwa na injini ya hifadhidata. Wepesi huo ulikuja na gharama yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi sasa hufanyika mahali ambapo mwandishi haoni.

Mpaka kati ya programu na data ulichorwa hasa mwaka 1987, kampuni ya Sybase ilipotoa SQL Server. Miaka miwili baadaye Microsoft ikauza toleo lake kwa mfumo wa OS/2. Kompyuta ya mezani ilibaki na fomu na vitufe, na data ikahamia kwenye seva. Pamoja nayo zilihamia prosija: maagizo ya SQL yaliyopewa jina na kuhifadhiwa ndani ya hifadhidata, yakaitwa kwa mstari mmoja. Oracle iliingiza za kwake katika toleo la 7, mwaka 1992. Faida ilikuwa bayana. Mtandao ulibeba mzigo mdogo, na kanuni za biashara zilikaa mahali pamoja badala ya kurudiwa katika kila programu.

Kisha zikaja Visual Basic (1991), Access (1992) na Delphi (1995), na kila ofisi ikaweza kujitengenezea programu. Hapo ndipo usumbufu ulipoanza kuwa wa kila siku. Swali la SQL liliandikwa ndani ya Visual Basic kama maandishi ya kawaida, yakiunganishwa vipande vipande na kile mtumiaji alichochapa. Mteja aitwaye Juma hakuleta shida. Aitwaye Ng'ang'a alivuruga kila kitu: kwa kuwa SQL huyafunga maandishi kwa ritifaa, seva iliona ritifaa ya kwanza kuwa mwisho wa jina, ikabaki na 'Ng', kisha ikalalamikia neno ang lisilokuwamo katika msamiati wake. Ritifaa ikiwa moja tu, kama katika Nyang'au, nukuu haikufungwa kabisa. Wengi walizoea kuirudufu kila ritifaa. Dawa halisi ilikuwa parameta, yaani kupeleka jina kando na swali lenyewe. Desemba 1998 Jeff Forristal, akitumia jina la Rain Forest Puppy, alionyesha katika jarida la Phrack kwamba ufa huohuo unamruhusu mtu mbaya kuchomeka maagizo yake mwenyewe. Hata hivyo, karani mwenye orodha ya majina ya Kiafrika alikuwa ameshaukuta ufa huo bila nia yoyote mbaya.

Tarehe zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hazikupiga kelele. Injini ya Access husoma #03/04/2001# kwa desturi ya Kimarekani, yaani Machi 4, hata kama Windows imepangwa kwa desturi ya Kenya, Tanzania au Uingereza. Lakini ikipewa #13/04/2001#, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, hugeuza na kusoma Aprili 13. Kwa hiyo ripoti zilikosea siku 12 za mwanzo wa mwezi, isipokuwa pale siku na mwezi vilipolingana, kisha zikajirekebisha zenyewe. Aliyeijaribu programu tarehe 20 aliapa kwamba ni nzima.

Prosija nazo zilikuwa na visa vyake. Katika SQL Server, kila agizo la kuingiza au kubadili data hurudisha ujumbe wa idadi ya mistari iliyoguswa. Maktaba ya ADO, iliyounganisha programu na hifadhidata na kutolewa mwaka 1996, iliupokea ujumbe huo kana kwamba ndio jibu lenyewe; programu ilipojaribu kusoma, ikapata kosa namba 3704, kwamba kitu kimefungwa. Prosija hiyohiyo kwenye dirisha la maswali la SQL Server ilitoa majibu safi. Mstari mmoja wa SET NOCOUNT ON mwanzoni ulitosha, kwa aliyeujua. Namba ya kosa nayo, @@ERROR, ilifutwa na kila agizo lililofuata, hata lile la kuikagua, hivyo ilibidi inakiliwe papo hapo kwenye kigeu. Njia rahisi zaidi ya kunasa makosa, TRY...CATCH, ilifika katika toleo la 2005.

Chombo kilichosaidia kuliko vyote ni Profiler, iliyokuja na SQL Server 7.0 mwaka 1998. Ilionyesha maandishi kamili yaliyofika kwenye seva, na ubishi kati ya mtengenezaji wa programu na msimamizi wa hifadhidata ukapata shahidi. Pia ilifichua kitendawili cha prosija iliyo nyepesi dirishani na nzito ndani ya programu: muunganisho wa dirisha na ule wa programu huwa na mipangilio tofauti, hasa ARITHABORT, kwa hiyo seva huhifadhi mipango miwili ya utekelezaji, na mmojawapo huenda uliandaliwa kwa parameta isiyo ya kawaida.

Microsoft iliacha kuhudumia zana za kuandikia Visual Basic 6 mwaka 2008, lakini Windows bado huendesha programu zilizotengenezwa nazo, na kosa 3704 bado hujitokeza humo.