Rangi ya seleri: kutoka vitalu vya watawa hadi ndoo ya uani Songea

Seleri nene, ile inayopangwa kwenye majokofu ya maduka makubwa ya Dar es Salaam, ni kizazi cha juzi tu katika ukoo wake. Mkubwa wa ukoo ni seleri ya kukata: nyembamba, majani tele, harufu kali, mashina ya kijani au yenye wekundu. Unaikata, inachipua. Anayeotesha hiyo kwenye ndoo uani kwake Lizaboni au Bombambili, mjini Songea, yuko karibu zaidi na mmea wa kale kuliko mpishi wa hoteli.

Mmea huo ulianzia mwituni, kwenye vinamasi vya ukanda wa Mediterania. Majani yake yalisukwa katika mashada yaliyokutwa ndani ya kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki yapata miaka 3,300 iliyopita. Wagiriki nao waliwavisha washindi wa michezo ya Nemea taji la seleri mwitu. Kutiwa sufuriani kulikuja pole pole, kwanza kama kiungo na dawa.

Walioupa mmea huu kitalu cha kudumu ni watawa wa Ulaya. Mnamo mwaka 820 hivi ulichorwa mpango wa monasteri ambao hadi leo umehifadhiwa St. Gallen, Uswisi. Bustani yake ya mboga ina vitalu 18, kila kimoja na jina lake. Cha kwanza vitunguu, cha pili liki, cha tatu seleri, na kinachofuata ni giligilani, ile ile inayonukia kwenye kachumbari zetu. Watawa hao waliishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo sura yake ya 66 inataka maji, kinu na bustani viwe ndani ya ua wa monasteri.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokuja Ungoni, nchi ya Wangoni inayozunguka Songea. Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Bavaria, walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, magharibi ya Songea. Miaka saba baadaye, katika vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, iliunguzwa. Kisha jeshi la Wajerumani likachoma mashamba na maghala ya wananchi, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Historia ya bustani kusini mwa Tanzania haiwezi kusimuliwa kwa utamu mtupu. Peramiho ilijengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia.

Huku Ulaya seleri ilikuwa imeshabadilishwa sura. Wakulima wa Italia walichagua mashina manene, wakayarundikia udongo yasione jua, yakatoka meupe na laini, ukali umepungua. Mwaka 1699 Mwingereza John Evelyn aliielezea mboga hiyo kama mgeni wa karibuni nchini kwake. Weupe ukawa alama ya ustaarabu mezani. Nyekundu ilibaki kwa wakulima wa Kiingereza waliojua kwamba inastahimili baridi kuliko nyeupe. Karibuni imerudi kwa heshima: Frank Morton, mzalishaji mbegu wa Oregon, Marekani, aliipandisha Giant Red ya zamani na Ventura ya kijani akapata Redventure. Wachina nao wana ya kwao ya kukata, yenye mashina ya waridi.

Kwa nini basi seleri isienee vijijini kama mchicha? Mimi nailaumu mbegu. Mchicha unajipukutishia mbegu wenyewe; seleri inataka majuma kadhaa ya baridi kali ndipo itoe maua, na huku kwetu ni nadra kuyaona. Kila msimu unarudi dukani. Na mbegu yenyewe ni vumbi: gramu moja ina zaidi ya 2,000. Ukiifukia haioti, kwa kuwa inahitaji mwanga. Inanyunyizwa juu ya udongo laini, inafunikwa gunia jepesi lenye unyevu, na huchukua majuma mawili hadi matatu kuchomoza. Gunia liondolewe mara tu zinapoanza kuonekana.

Songea, iliyoinuka zaidi ya mita 1,000, ina neema yake. Kipupwe cha Juni na Julai pamoja na jua la mchana hukoza wekundu wa mashina, rangi ya jamii moja na ile ya choya. Ila miezi hiyo haina mvua, na damu ya kinamasi haijaisha: ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, yenye udongo na samadi iliyooza, inataka maji karibu kila siku. Ikikauka, mashina hugeuka nyuzi na uchungu.

Kata mashina ya nje, acha moyo. Usiyachemshe sana, wekundu utaishia kwenye maji. Yakatie mbichi kwenye kachumbari, au yatie kwenye supu ya kuku unapoiepua.