Vijana wa Kriketi wa Tanzania na Ramani Isiyofika Rungwe

Timu ya taifa ya kriketi ya Tanzania ya vijana wenye umri chini ya miaka 19 ina kumbukumbu fupi kuliko za jirani zake, lakini imetimiza jambo ambalo timu ya wakubwa haijalitimiza, yaani kufuzu Kombe la Dunia kwa jina la nchi yenyewe. Michuano ya kufuzu ya Afrika ilichezwa Lagos, Nigeria, mwaka 2025, na nafasi iliyogombewa ilikuwa moja tu. Tanzania ilipoitwaa, Namibia iliachwa nje ya mashindano ya 2026 ambayo yenyewe ilikuwa mwenyeji wake pamoja na Zimbabwe, kwa kuwa uenyeji uliipa tiketi ya moja kwa moja Zimbabwe peke yake, iliyo mwanachama kamili wa Baraza la Kimataifa la Kriketi.

Kombe la Dunia la vijana lilichezwa mara ya kwanza nchini Australia mwaka 1988, likalala miaka kumi, kisha tangu 1998 likawa la kila baada ya miaka miwili. Kenya ilishiriki mwaka 1998, 2000, 2002 na 2018. Uganda ikashiriki mwaka 2004, 2006 na 2022. Hivyo Tanzania ni nchi ya tatu ya Afrika Mashariki kufika huko. Kila timu hupewa ova 50, na ova moja ni mipira sita halali inayorushwa na mchezaji mmoja, ilhali alama huhesabiwa kwa mikimbio, ambayo hupatikana wapigaji wawili wanapobadilishana ncha za uwanja au mpira unapopigwa hadi nje ya mpaka. Kwa kipimo hicho, kumbukumbu za jirani zina kurasa chungu. Tarehe 17 Januari 2018, mjini Christchurch, New Zealand ilijikusanyia mikimbio 436 mbele ya Kenya, na tarehe 22 Januari 2022 India ilifikisha 405 dhidi ya Uganda, iliyojibu kwa 79 tu. Hata hivyo, anayezisoma tarakimu hizo kama aibu huzisoma vibaya, maana mechi za Kombe la Dunia la vijana huingizwa katika daraja rasmi la mechi za kimataifa za siku moja za vijana, daraja ambalo mechi za kufuzu kwa kawaida hazimo, na taifa lisilofika huko halina hata kipigo cha kuandikiwa.

Miaka 50 kabla ya ushindi wa Lagos, Tanzania ilikuwa imeingia Kombe la Dunia la wakubwa kwa mlango wa ubia. Timu ya Afrika Mashariki, iliyochanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Uingereza mwezi Juni 1975 chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya, ikapoteza mechi zake zote tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza. Miongoni mwa waliotoka Tanzania walikuwamo Praful Mehta na Shiraz Sumar, na majina hayo yanaonyesha mchezo ulikolelewa: katika jamii za wenye asili ya Asia na vilabu vyao vya mijini. Kenya ilijitenga na ubia huo mwaka 1981, lakini Tanzania ilisubiri hadi 2001 ndipo ikapata uanachama wake yenyewe.

Mwaka 2008 Dar es Salaam iliandaa Daraja la Nne la Ligi ya Dunia ya Kriketi, na bingwa akawa Afghanistan, ambayo wakati huo ilikuwa ngazi moja na mwenyeji. Mwaka 2017 Afghanistan ikawa mwanachama kamili wa Baraza, na vijana wa nchi hizo mbili walipopangwa pamoja katika Kundi D la Kombe la Dunia la 2026, lenye Afrika Kusini na West Indies pia, pengo lililochimbwa na miaka 18 lilikuwa wazi kwa kila mfuatiliaji.

Katika historia hiyo yote, nyanda za juu za kusini hazionekani. Wilaya ya Rungwe, yenye makao makuu Tukuyu na kata kama Matwebe, Masoko na Kiwira, ilipokea wamisionari wa Moravian mwaka 1891, ikatawaliwa na Wajerumani walioiita Tukuyu kwa jina la Neu Langenburg, na Waingereza wakaichukua mwezi Mei 1916. Kriketi ya Tanganyika ilikua bandarini na kwenye miji ya reli na biashara, na Tukuyu haikuwa bandari wala haikufikiwa na reli. Kilichoshika huko ni kandanda, tena kwa kishindo, kwani Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 katika msimu wake wa kwanza wa daraja la juu.

Wapo watakaoitaja mvua, ambayo Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na miteremko ya Mlima Rungwe, wakidai kwamba kriketi huhitaji ukanda mgumu, mkavu na bapa wenye urefu wa mita 20 hivi. Dai hilo linapwaya mbele ya Rwanda, nchi ya vilima na mvua iliyotawaliwa na Wajerumani kisha Wabelgiji, ambako kriketi ilistawi baada ya 1994 kwa mkono wa waliorejea kutoka Uganda na Kenya. Uwanja wa Gahanga ulifunguliwa karibu na Kigali mwaka 2017, na mwaka 2023, katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 nchini Afrika Kusini, Rwanda ikazishinda Zimbabwe na West Indies. Ukanda wa zege uliotandikwa mkeka hauhofii mvua ya Matwebe, na Chama cha Kriketi Tanzania pamoja na halmashauri ya Rungwe wangeanza na shule moja tu yenye kiwanja bapa.