Stadi anazohitaji mhitimu wa ugavi na usafirishaji

KILA mwaka vyuo nchini hutoa wahitimu wa fani za ununuzi, ugavi na usafirishaji. Wengi huingia katika soko la ajira wakiwa na vyeti vinavyofanana, ilhali mwajiri anamtafuta mtu atakayeutoa mzigo bandarini kwa wakati bila kumtia hasara mwenye mali.

Kimsingi, fani hii inahusu safari nzima ya bidhaa: kukadiria mahitaji, kumpata mzabuni, kupakia mzigo melini, kuupitisha forodhani, kuuhifadhi ghalani na kuufikisha kwa mtumiaji. Ununuzi, utunzaji wa ghala na uchukuzi, ambazo zamani zilihesabiwa kuwa kazi tatu tofauti, sasa hutazamwa kama mnyororo mmoja. Kosa linalofanyika mwanzoni mwa mnyororo huo hulipiwa na aliye mwishoni.

Kwa Tanzania fani hii ina uzito wa pekee. Bandari ya Dar es Salaam huhudumia pia Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Rwanda, Burundi, Uganda na Malawi. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 huiunganisha bandari hiyo na Kapiri Mposhi nchini Zambia. Oktoba 2023 Serikali ilitia saini mikataba na kampuni ya DP World ya Dubai kuhusu uendeshaji wa sehemu ya bandari hiyo, na mwaka 2024 treni za abiria za reli ya kisasa (SGR) zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mabadiliko hayo yanahitaji wataalamu wenye stadi zifuatazo.

Hesabu za akiba

Stadi ya kwanza ni hesabu. Mtaalamu wa ugavi lazima ajue ni lini aagize bidhaa na kwa kiasi gani. Akiagiza kidogo, kiwanda husimama. Akiagiza kupita kiasi, fedha za kampuni hulala ghalani.

Kanuni inayotumika sana si ngumu. Matumizi ya kila siku huzidishwa kwa idadi ya siku za kusubiri mzigo, kisha hujumlishwa akiba ya tahadhari. Kwa mfano, kiwanda kinachotumia katoni 40 za vifungashio kwa siku, kinachosubiri mzigo kwa siku 15 na kujiwekea akiba ya katoni 200, kinapaswa kuagiza upya pindi akiba inapofika katoni 800.

Ugumu upo katika kukadiria siku hizo za kusubiri. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez na kuuziba kwa siku sita. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha kampuni nyingi kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, njia ambayo ni ndefu zaidi. Mhitimu anayeshikilia idadi ileile ya siku bila kufuatilia habari za dunia atajikuta hana mali ghalani.

Nyaraka na forodha

Stadi ya pili ni umahiri wa nyaraka. Ankara, orodha ya vifungashio, hati ya shehena na cheti cha uasilia wa bidhaa lazima vikubaliane. Tofauti ndogo ya uzito au jina yaweza kulizuia kontena, huku ada za kuhifadhi mzigo zikiongezeka kila siku.

Aidha, mhitimu hana budi kuzijua kanuni za Incoterms za Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, ambazo zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Toleo la 2020 lina kanuni 11, zinazoeleza ni wapi dhamana ya mzigo huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi na nani analipa nini. Mnunuzi anayekubali FOB akidhani ni CIF atagundua baadaye kwamba nauli ya meli na bima ni juu yake.

Jambo jingine ni kuainisha bidhaa kwa namba ya HS. Tarakimu sita za mwanzo hutumika kimataifa, na nchi za Afrika Mashariki huongeza nyingine. Namba hiyo ndiyo huamua ushuru, ambao tangu Julai 2022 una viwango vikuu vinne katika jumuiya hiyo: asilimia 0, 10, 25 na 35.

Chukua mzigo wenye thamani ya CIF ya Sh50 milioni. Ukitozwa ushuru wa asilimia 25, yaani Sh12.5 milioni, na kisha VAT ya asilimia 18, jumla ni Sh23.75 milioni, bila kuhesabu tozo nyingine. Ukiwekwa katika kundi la asilimia 10, jumla hushuka hadi Sh14.9 milioni. Tofauti ni Sh8.85 milioni. Mhitimu akikosea kwa kupandisha, mteja hulipa asichodaiwa. Akikosea kwa kushusha, mteja hukabiliwa na madai ya kodi pamoja na adhabu.

Utunzaji wa ghala

Wapo wanaoidharau kazi ya ghala wakidhani ni ya kubeba maboksi. Ukweli ni kwamba ghala ndilo huonesha kama mipango ya ofisini ina maana. Mtunza ghala hodari hutoa kwanza bidhaa inayokaribia kuisha muda wake, hata kama nyingine iliingia kabla yake, na huhesabu mali mara kwa mara badala ya kusubiri mwisho wa mwaka.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika dawa. Chanjo nyingi, pamoja na oxytocin inayotumika kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Jokofu likizimika njiani na asitokee wa kuandika kumbukumbu, dawa huendelea kuonekana nzima ilhali nguvu yake imepungua. Atakayelipia uzembe huo ni mgonjwa asiyemfahamu mtunza ghala.

Kompyuta na lugha

Kazi nyingi za ugavi sasa hufanyika kwa mifumo ya kompyuta. Zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST, na taratibu za forodha na vibali nazo hufanyika kielektroniki. Hata hivyo, waajiri wengi huanza kwa kumpima mwombaji katika jambo la kawaida zaidi: je, anaweza kuchukua orodha ya bidhaa elfu kadhaa katika Excel, akaisafisha na kueleza inasema nini?

Lugha nayo ni mtaji. Kiswahili humsaidia wakala kuelewana na dereva au mfanyabiashara wa Lubumbashi na Bukavu, lakini nyaraka za Serikali ya Congo huandikwa kwa Kifaransa. Kiingereza hutawala mikataba ya meli. Zaidi ya yote, mtaalamu lazima awe na ujasiri wa kumweleza mteja mapema kwamba mzigo umechelewa, badala ya kuzima simu.

Sheria na maadili

Tanzania Bara ina Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Barabarani, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Anayepanga mzigo bila kuizingatia humwacha dereva akwame kwenye mizani.

Vilevile, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, husajili wataalamu na kuendesha mitihani ya kitaaluma. Shahada peke yake haimpi mhitimu haki ya kufanya kazi hiyo; usajili ni sharti la kisheria. Kwa kuwa fani hii hugusa fedha nyingi, mtaalamu aliyepokea bahasha ya mzabuni huhatarisha usajili wake na uhuru wake pia.

Namna ya kujiandaa

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na Chuo Kikuu Mzumbe ni miongoni mwa taasisi zinazofundisha fani hizi. Mwanafunzi anashauriwa kutumia kipindi cha mafunzo kwa vitendo kuufuata mzigo mmoja tangu ankara hadi unapopokelewa ghalani, akiandika kila hatua ilichukua siku ngapi na kwa gharama gani. Kumbukumbu hiyo humpa jambo la kueleza mbele ya mwajiri ambalo halipatikani katika cheti chake.