Gesti ya Tokyo iliyokaa siku tatu bila mgeni, na historia ndefu iliyo nyuma yake

Mwaka 1982, mtaa wa Yanaka jijini Tokyo, gesti moja ya familia ilikaa siku tatu mfululizo bila kupata mgeni hata mmoja. Vyumba 12, vyote vitupu.

Gesti hapa si ile unayoiwaza, tulia. Wajapani wanaiita ryokan. Ni nyumba ambayo familia yenyewe inaishi humo humo na wageni. Unavua viatu mlangoni, chumba kimetandikwa mikeka ya tatami, unalala kwenye godoro jembamba linalokunjwa asubuhi na kurudishwa kabatini. Bafu ni la pamoja, mnaingia kwa zamu. Chai ya kijani unaikuta mezani.

Ziko ryokan za kitajiri ambazo usiku mmoja unakausha mshahara, lakini hii ya Yanaka ni ile ya mtu wa kawaida. Kuelewa kwa nini zile siku tatu ziliuma, turudi nyuma kidogo.

Amri iliyojaza barabara

Kati ya 1603 na 1868 Japani ilikuwa chini ya ukoo wa Tokugawa. Mwaka 1635 ukoo huo ukatoa amri nzito: kila mtawala wa mkoa lazima aishi Edo, yaani Tokyo ya leo, kwa zamu, mara nyingi mwaka mmoja huko na mwaka mmoja kwake. Mke na watoto je? Hao wanabaki Edo muda wote. Ukileta ujeuri huko mkoani, familia yako iko mikononi mwa wakubwa.

Sasa bwana mkubwa hasafiri peke yake. Anatembea na mamia ya watu, wengine hata maelfu, na wote wanataka kula na kulala. Barabara ya Tokaido, kama kilomita 500 kutoka Edo hadi Kyoto, ikawa na vituo 53, na nyumba za wageni zikaota kila kituo.

Madaraja yalikuwepo. Wakubwa walifikia nyumba maalum zilizoitwa honjin. Wafanyabiashara na mahujaji waliingia hatago, unalala na chakula unapewa. Mwenye mfuko mwepesi alikwenda kichin-yado: hapo unalipia kuni tu, mchele wako unapika mwenyewe!

Ushindani ulikuwa wa hatari. Hatago ziliweka wanawake barabarani kazi yao kuvuta wasafiri, wapiga debe kabisa. Mchoraji maarufu Hiroshige aliwachora kwenye kituo cha Goyu, mmoja kamng'ang'ania msafiri mpaka jamaa anakabwa na mzigo wake mwenyewe. Na nyumba nyingine zilikuwa zinauza zaidi ya chakula, mnaelewana.

Wasafiri waliotaka kulala kwa amani wakachoka. Mwaka 1804 kikaanzishwa huko Osaka chama kilichoitwa Naniwa-ko, kikawa kinachagua nyumba zenye heshima na kuzipa kibao cha kutundika mlangoni. Ukiona kibao, ingia bila wasiwasi. Hizi nyota za mitandaoni za leo, wenzetu walishakuwa na toleo lao.

Treni inakuja, mambo yanageuka

Mwaka 1872 reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa, Tokyo hadi Yokohama. Kufikia 1889 treni ilikuwa inakwenda mpaka Kobe. Safari iliyochukua kama wiki mbili kwa miguu ikawa ya chini ya siku moja. Nyumba nyingi za barabarani zikafa njaa. Waliojiongeza wakahamia karibu na stesheni.

Baadaye ikaja vita. Mwaka 1945 mabomu yalichoma sehemu kubwa ya Tokyo, ila Yanaka ikabakia na nyumba zake nyingi za zamani. Hapo ndipo mwaka 1949 mama mmoja akafungua ile gesti yetu. Binti yake aliolewa na kijana wa benki, na baadaye kijana akaacha kazi ya tai akaingia kwenye biashara ya mama mkwe. Kwa Wajapani si jambo la ajabu, mkwe kushika biashara ya ukweni ni desturi ya zamani.

Miaka ya mwanzo wateja walikuwepo, wakiwemo wanafunzi wa safari za shule. Kisha ikaja Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Treni ya kasi ya Shinkansen ilianza Oktoba 1 mwaka huo huo, Tokyo hadi Osaka kwa saa nne. Hoteli kubwa zikapanda, zikafuatwa na hoteli za bei nafuu za wafanyabiashara, kila chumba na bafu lake. Mjapani mwenyewe akaanza kuona mambo ya kupanga foleni ya bafu ni ya kizamani.

Ndo tukafika 1982. Siku tatu, mgeni sifuri.

Uamuzi mgumu

Mkwe alikuwa na njia moja aliyokuwa anaikwepa: kupokea wageni kutoka nje. Kiingereza kilikuwa cha kuungaunga, na vyumba vingi havikuwa na choo ndani. Nani atoke Ulaya aje hapa? Akaenda kuangalia ryokan nyingine ya jijini iliyokwishaanza. Kumbe wageni wanajaa, na nyumba yenyewe ni ya kawaida tu!

Akafungua mlango. Mambo ya bafu yakaandikwa vizuri: oga kwanza nje, ndipo uingie kwenye maji ya moto, na usitoe kizibo maana wenzako wanayasubiri maji hayo hayo. Kuna na somo la yukata, lile vazi la kupumzikia: upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia. Ukigeuza, umevaa kama maiti anayepelekwa kuzikwa.

Chakula cha jioni wageni hawakukichangamkia, familia ikakiacha, ikawa inawaelekeza kwenye migahawa ya jirani. Mtaa mzima ukala. Vyumba vikajaa, wageni wakatoka nchi kwa nchi, na kizazi kilichofuata kikashika kazi.

Lakini wengi hawakupona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani ilikuwa na ryokan zaidi ya 80,000. Kufikia 2017 zilikuwa chini ya 40,000. Sababu si wateja peke yake. Mama mwenye nyumba, anayeitwa okami, anaamka kabla ya wageni na kulala baada yao, sikukuu ndiyo siku yake ya kazi zaidi. Watoto wanaliona hilo tangu wadogo, wakikua wanatafuta ajira ya ofisini. Wazazi wakizeeka, mlango unafungwa.

Yule mkwe alitoka ofisini akaingia gesti, wenzake wengi wanatoka gesti kwenda ofisini. Ingekuwa wewe, mama mkwe anakukabidhi funguo za vyumba 12 na bafu la pamoja, ungeacha benki? Komenti ziko wazi hapo chini.