Wazee Wetu na Nyumba za Wakfu



Huniijia vijana wakaniuliza: “Sheikh, mamangu amekuwa mtu mzima, nami kazi yangu iko Maskati. Je, nimhamishe, nimwekee mtu wa kumtazama, au nimpeleke nyumba ya wazee?” Swali hili si geni. Waliotutangulia walikutana nalo, na katika waliyoyatenda mna mafunzo.

Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, amepokea khabari ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab, r.a., kwamba alimwona mzee kipofu akiomba milangoni mwa watu. Mzee yule alikuwa Myahudi. Alipoulizwa kilichomfikisha hapo, akataja kodi, haja na uzee. Umar akamshika mkono, akaenda naye nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho. Kisha akamwamuru mtunza Baitulmali awape haki yao yeye na walio mfano wake, wala wasitozwe kodi, kwani si insafu kufaidi ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni.

Huo ndio msingi. Mzazi ni dhima ya watoto wake, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Israa. Na asiye na mtu ni dhima ya umma.

Hapa kwetu pwani, umma uliitekeleza dhima hiyo kwa wakfu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, wenye mali, waume kwa wake, waliweka majumba yao wakfu: mengine kwa ajili ya vizazi vyao, mengine kwa misikiti, na mengine wakae mafukara na watumwa walioachwa huru ambao hawakuwa na jamaa. Mwaka 1905 ikaundwa Tume ya Wakfu kuyasimamia. Tazama hikima yake: mzee alikaa mtaani, adhana akiisikia, jirani akimletea uji, na asipoonekana alfajiri msikitini huulizwa. Alipewa nyumba bila ya kutengwa na watu.

Lakini wakfu haukuwafikia wote. Wako waliotoka bara wakafanya kazi katika mashamba ya karafuu, nguvu zikawaishia ugenini hawana mtoto wala ndugu. Zama za wakoloni, nyumba ya mafukara ya Welezo ilihudumiwa na masista wa Kikatoliki. Wametenda wema, nao wastahiki shukurani. Nasi yafaa tujiulize tulikuwa wapi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ikawatunza wazee wasio na watu katika nyumba za Sebleni na Welezo. Na Aprili 2016 Zanzibar ikaanza kumpa kila mzee aliyetimia miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alipata kuajiriwa au hakupata.

Basi si aibu mzee kukaa katika nyumba hizo. Aibu ni ya mwenye wana saba wanaojiweza, akapelekwa kule kwa kuwa kila mmoja amemtegea mwenzake. Na pensheni ni haki ya mzee, haimpunguzii mwana wajibu wake.

Kwa yule kijana jawabu langu ni hili: kwanza muulize mwenyewe mamako. Mimi marehemu mamangu nilimtaka ahamie kwangu, akakataa kuuacha mtaa wake, nikaona uchungu. Baadaye nikafahamu kuwa kule ana mashoga zake na msikiti wake, na kwangu angekuwa na kitanda tu. Ukimwekea mtu wa kumtazama, mlipe vizuri, na awepo wa jamaa wa kuangalia mambo, kwani fedha pekee si khidma. Na ukiwa na jirani mzee aliye peke yake, au yuko Sebleni, mzuru. Dakika chache baada ya sala ya Ijumaa zatosha kuanzia.

Na wenye uwezo miongoni mwetu nawakumbusha kuwa majumba mengi ya wakfu yamechakaa. Kulitengeneza paa la mzee ni sadaka yenye kuendelea, na sote tuko njiani kuelekea uzee huo.

Mwenyezi Mungu aturuzuku radhi za wazee wetu. Amin.