Debe, Fungu na Lumbesa: Viazi Vitamu Sokoni

Kiazi kitamu si mzawa wa Afrika Mashariki. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na safari za Wareno za karne ya 16 zilisaidia kukieneza barani. Mizani ilichelewa kukifuata.

Wakati wa ukoloni, mafuta ya taa yaliuzwa katika mikebe ya bati ya galoni 4, karibu lita 18. Mafuta yakiisha, mkebe uligeuka kipimo: debe. Kwa mahindi lilifaa. Kwa viazi lilizua ubishi. Vikubwa huacha nafasi wazi katikati, vidogo hujaza pembe zote, na muuzaji hodari alijua kuvipanga. Gunia nalo likaongezewa ujazo juu ya mdomo, likaitwa lumbesa. Wakala wa Vipimo Tanzania umepambana nalo kwa miaka mingi.

Rejareja, fungu ndilo lililotawala, na kazi ya kupima ikabaki mikononi mwa mnunuzi. Mpishi huchagua vya unene unaolingana ili viive pamoja. Huvibonyeza kujua ugumu, na hukwepa vyenye vitundu vya fukusi, kwani uchungu wake hauondoki hata vikichemshwa.

Si viazi vyote huishia sokoni. Usukumani, mavuno ya ziada hukatwa vipande na kuanikwa: vibichi huwa michembe, vilivyochemshwa huwa matobolwa.

Kwa vinavyouzwa, siku hizi hata rangi ya ndani huangaliwa. Mwaka 2016, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani, kwa kuendeleza viazi vya rangi ya chungwa vinavyoupa mwili vitamini A.